Nusu ya Shamba Isiyolimwa

Nilitoka hospitali ya misheni kule Nsambya nikiwa na mshono tumboni, na daktari akaniaga kwa amri moja: nisishike jembe msimu mzima. Nilimwitikia kwa adabu, lakini njia nzima ya kurudi Naguru nilikuwa najiuliza tutakula nini. Ilikuwa mwisho wa Februari. Kila alasiri mawingu yalianza kujikusanya upande wa ziwa, na wake wenzangu wa askari walikuwa tayari wanachoma magugu.

Mume wangu alikuwa dereva wa polisi. Tuliishi kwenye kota za polisi, katika zile nyumba za bati za mviringo ambazo jua likiwaka huwezi kukaa ndani, na mvua ikinyesha huwezi kusikilizana. Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi. Sukari ilifichwa kama dawa, chumvi tuligawiana kwa kijiko, na sabuni ukiipata hukumwambia mtu umeipata wapi. Matajiri wa magendo, wale tuliowaita mafuta mingi, walikuwa na vyao. Sisi tulikuwa na mteremko ulio nyuma ya kota, ambako kila familia ilikatiwa kipande. Mshahara ukichelewa, au ukifika ukakuta duka tupu, kipande hicho ndicho kilichotia kitu sufuriani.

Mume wangu alisema nisiwe na wasiwasi, atalima yeye. Na kulima alijua. Alikulia kaskazini, kwenye nchi tambarare, kwa baba aliyelima kwa maksai, na kwake shamba lililopinduliwa vizuri lilikuwa kama nyumba iliyofagiliwa. Siku zake za mapumziko alivua shati, akachimba kwenda chini kabisa, akapindua, akakusanya kila jani na kila mzizi akachoma, kisha akavunja mabonge mpaka udongo ukawa laini kama unga. Mistari yake aliiteremsha kutoka juu hadi chini, imenyooka kama askari kwenye gwaride. Watu waliopita njiani walisimama kuitazama.

Alikuwa amefika nusu alipoitwa kazini. Aliagizwa kuendesha gari kwenda mpakani. Hakuambiwa atarudi lini, naye hakuuliza. Wakati ule hakuna aliyeuliza. Asubuhi alipoondoka aliniambia, kwa lugha yetu ya kwetu, "Mama watoto, nusu hiyo iliyobaki iache. Nikirudi nitaimalizia."

Mvua ya kwanza ilinyesha kabla hajarudi.

Nilikuwa nimesimama pembeni mwa shamba, mkono mmoja tumboni, jirani yangu aliponikuta. Alikuwa mwanamke wa Kongo, wa milima ya Kivu, aliyekimbia vita vya kwao na kuolewa na fundi wa magari ya polisi. Alishona nguo barazani kwake kwa cherehani ya mkono. Alikuwa akituambia kwamba kwao mlima umesimama kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka, kinafika kwa jirani kabla yako.

"Mama, mbona wewe naangalia shamba kama mtu wa matanga?" aliniuliza. Sisi sote katika kota tulisema Kiswahili kile cha kambini, kila mtu na chumvi ya lugha yake.

"Jembe nimekatazwa, dada. Na baba watoto hajarudi. Nusu hii itabaki hivi hivi."

"Basi ibaki. Tutapanda."

"Tupande wapi? Haijalimwa."

Alivua kandambili akasimama juu ya magugu kwa miguu mitupu. "Udongo iko na ngozi yake," akasema. "Kwetu kwa milima, ukitoa ngozi, mvua nabeba nyama."

Akaenda kuchukua panga. Alifyeka magugu yote karibu na ardhi, lakini hakuyaondoa. Aliyalaza palepale yalipoangukia. Kisha akachonga mti ukawa na ncha, akawa anatoboa mashimo kukatisha mteremko, kutoka ubavu huu hadi ubavu ule, nami nikamfuata polepole nikidondosha mbegu za mahindi na kuzifukia kwa kidole cha mguu. Katikati ya mistari tukatia maharage. Siku zilizofuata aliniletea nyasi kavu kutoka kando ya barabara na majani ya migomba, tukayatandika mpaka ardhi ikapotea machoni.

Kwenye bomba la maji walinicheka. "Huyu narima kwa takataka," alisema mwanamke mmoja wa Buganda, na mwingine akaongeza kwamba nyoka watazaa humo. Mimi mwenyewe niliona aibu. Upande wa mume wangu ulikuwa mwekundu na safi. Upande wangu ulionekana kama mahali pa mtu aliyekata tamaa.

Mume wangu alirudi salama, mwembamba zaidi, hakusema aliyoyaona huko. Alioga, akaenda shambani, akasimama mpakani mwa nusu mbili.

"Hii ni nini, mama watoto?"

"Ni shamba."

"Liko wapi?"

Nikainama nikafunua nyasi nikamwonyesha chipukizi la hindi. Alicheka, ila si kwa ubaya. Alikuwa amefurahi tu kurudi na kucheka.

Na majuma ya mwanzo yalimpa haki. Mahindi yake yalichipua yote pamoja, yakawa ya kijani kizito. Yangu yalitoka moja moja, kisha yakageuka manjano, kama mtoto mwenye homa. Nilikuwa nikiyapita bila kuyatazama.

Mdogo wake mume wangu alikuwa akisomea kilimo chuo kikuu, na Jumapili alikuja kwetu kula posho, ugali wetu wa mahindi, kwa kuwa chakula cha chuoni nacho kilikuwa kimepungua. Jumapili moja nilimpeleka shambani.

"Shemeji, niambie ukweli. Ning'oe?"

Alichuchumaa kwanza upande wa kaka yake. "Ukipindua udongo, hewa inaingia," alisema. "Ndani kuna viumbe wadogo usioweza kuwaona. Hewa ikiingia wanaamka wote, wanakula kwa pupa mboji iliyowekwa humo miaka na miaka, na wakila, naitrojeni inafunguka. Mahindi ya kaka yanakula akiba. Ndiyo maana yamenawiri."

"Na yangu?"

"Yako yamekopwa. Viumbe wale wale wanavunja hizi nyasi kavu, na nyasi kavu haina naitrojeni ya kuwatosha, kwa hiyo wanachukua ya kwenye udongo. Nyasi ikishaoza wataanza kurudisha. Vumilia." Kisha akang'oa shina moja la harage, akalikung'uta na kuniwekea mizizi kiganjani. Ilikuwa na vivimbe vidogo kama shanga. Akapasua kimoja kwa ukucha, na ndani kilikuwa chekundu kama nyama. "Viumbe wa humu hawakopi. Wanaichukua naitrojeni hewani, wanaipika humu."

Nilikuwa nimepanda maharage tangu utotoni, nimeyang'oa, nimeyapura, nimeyala karibu kila siku. Sikuwa nimewahi kupasua mzizi wake kutazama ndani. Nilibaki na ile shanga kiganjani, na wekundu wake, nikajihisi kama mtu aliyeishi nyumbani miaka mingi akaambiwa leo kwamba kuna chumba hajakiona.

Mvua kubwa ilikuja Aprili, alasiri. Tuliiona ikivuka kutoka ng'ambo ya bonde, ukuta mweupe, kisha ikatua juu ya bati kwa kishindo kilichowafanya watoto wazibe masikio. Haikuwa ndefu. Ilipokoma ghafla, tulisikia maji yakipita nje kama watu wengi wanaokimbia.

Tulitoka sote. Majirani nao walitoka, kila mtu akaelekea kwenye kipande chake.

Upande wa mume wangu, kila nafasi kati ya mistari ilikuwa imegeuka mfereji. Mistari ile aliyoinyoosha kwenda chini ilikuwa imeyaelekeza maji njia. Mahindi yalilala, mizizi nje, myeupe, kama vidole. Maji yalishuka mekundu na mazito, yakavuka kijia, na chini kabisa, karibu na uzio wa senyenge, udongo aliouvunja kwa mikono yake ulikuwa umejaa rundo. Sehemu yake nyingine iliendelea kushuka bondeni na hatukuiona tena. Alisimama pale kwenye tope. Kwenye vipande vya majirani hali ilikuwa ile ile.

Upande wangu hapakuwa na mfereji. Nilizunguka mpaka chini, mahali maji yalipotokea, na yalikuwa yakitoka kidogo kidogo chini ya nyasi. Niliyakinga kwa kiganja. Niliweza kuona mistari ya mkono wangu ndani yake.

"Baba watoto," nilimwita. "Njoo uone."

Alikuja. Nilifunua nyasi. Udongo chini ulikuwa mweusi kuliko nilivyoukumbuka, umelowa bila kuwa tope, na umejaa matundu, mengine ya kuingiza kijiti. Katika tundu moja nyungunyungu alikuwa amekamata jani la mgomba lililooza nusu akilivuta ndani, na jani lilitetemeka, likasogea, likatetemeka tena. Tulimtazama mpaka akaliingiza. Kwenye nyasi zilizoshikana na ardhi kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui, zimeshuka zikashona jani na udongo pamoja. Na harufu ilipanda, tamu na ya baridi.

Mume wangu alikuwa na vyeo begani, alikuwa ameona mengi, na hakuwa mtu wa kuchuchumaa kwenye tope. Alichuchumaa. Alinong'ona, kana kwamba tuko kanisani:

"Maji yote yale yameingia humu?"

"Yameingia."

"Baba yangu alipindua udongo maisha yake yote."

"Kwenu ni tambarare," nilimwambia. "Huko maji hayana pa kukimbilia."

Aliweka mkono juu ya ardhi, akauacha hapo.

Jumapili shemeji aliposimuliwa, alichukua bonge moja la udongo kutoka kila upande, akayaanika juani mpaka yakakauka sawasawa. Kisha akaomba glasi mbili za maji, akaziweka mezani, akatuita. Jirani yangu wa Kongo naye alikuja, sindano ikiwa bado imechomekwa kifuani mwa gauni.

Shemeji alidumbukiza bonge la upande uliolimwa. Halikukaa. Lilipasuka, likamwagika, na glasi nzima ikawa nyekundu mbele ya macho yetu. Kisha akadumbukiza la upande wangu. Lilishuka taratibu, likatua. Vipovu vya hewa vikapanda kutoka ndani yake, mfululizo, kama linapumua. Tukangoja. Bonge lilikaa vilevile, na maji juu yake yakabaki meupe.

"Nani amelishika?" mume wangu aliuliza.

"Mizizi," alisema mdogo wake. "Ute wa nyungunyungu. Zile nyuzi mlizoziona. Jembe likipita linazikata, na kila msimu zinaanza upya. Na kaka, chakula cha mimea kimeng'ang'ania kwenye ile chembe laini kabisa na ile nyeusi. Hizo ndizo zinazoondoka kwanza. Yale maji mekundu yalibeba fosforasi yako, na mboji, na majivu ya magugu uliyochoma."

Jirani yangu aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa glasi. Yeye ndiye aliyenifundisha, lakini hata yeye hakuwa ameona jambo lile namna hiyo. "Kumbe iko hai," alisema. Hatukuziondoa zile glasi mezani siku ile. Tulikula chakula zikiwa katikati yetu.

Baada ya hapo mvua ikakatika. Jua lilipiga mpaka upande wa mume wangu ukafanya ganda gumu, lililopasuka kama chungu, na mahindi yaliyosalimika yakakunja majani kila adhuhuri. Yangu yalisimama. Na katika siku hizo hizo za ukame, kuanzia jani la chini kwenda juu, umanjano ulianza kuondoka. Nilikuwa nikienda kila asubuhi kuyaangalia. Mkopo ulikuwa unalipwa, na hakuna mtu aliyeonekana akiulipa.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya ukaguzi. Mkubwa mmoja wa jeshi angepita kukagua kambi, na tuliambiwa kila mahali pawe safi: nyasi zifagiliwe, takataka zichomwe. Msimamizi wa kota alikuja akasimama mbele ya kipande changu. "Hii itoke kabla ya kesho," alisema.

Mume wangu aliniangalia. Tulijua watu waliochukuliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Aliingia ndani akatoka na reki, akaenda shambani, akavuta nyasi mara moja, ardhi nyeusi ikaonekana, na nyungunyungu wakajikunja kwa mwanga. Akasimama. Kisha akazirudisha zile nyasi kwa mkono.

"Nitasema ni amri yangu," alisema. "Wewe usiseme kitu."

Kesho yake tulipangwa mbele ya nyumba zetu. Yule mkubwa alikuja na kifimbo chini ya kwapa, watu wake wakimfuata nyuma kwa miwani myeusi. Yaliyosemwa mjini juu ya mtu huyo sitayarudia. Wengi waliyaamini, na mimi niliyaamini. Alipita mashamba bila kusema, mpaka akafika kwetu.

"Hii takataka ya nani?"

"Yangu, afande," mume wangu alisema, mikono ubavuni.

Mkubwa akachoma kifimbo chake upande uliolimwa. Kiligonga lile ganda kikakataa. Akasukuma kwa nguvu, kikaingia kidogo. Akahamia upande wa nyasi, akachoma kwa nguvu ile ile, na kifimbo kikazama karibu chote, mkono wake ukagusa nyasi. Aliyumba kidogo. Hakuna aliyecheka.

Akakivuta taratibu, akatazama ncha yake. Ilikuwa nyeusi.

"Nani alichimba hapa?"

"Hapana chimba, afande. Hapo jembe hapana pita."

"Wewe nadanganya mimi?"

Sijui nini kilinisukuma. Nilisema, "Afande, ni mimi nilipanda. Nilitoka hospitali. Nilitoboa na mti tu."

Aligeuka akanitazama, nikahisi mshono wangu kama umefunguka. Kisha akainama, akafunua nyasi, akachota udongo. Akaupeleka puani. Alikaa hivyo muda, na uso wake ukawa wa mtu mwingine, wa mtu aliyekuwa na mama na shamba mahali fulani.

"Hii nanuka kama pori ya kwetu," alisema, kwa sauti ya chini.

Akautupa, akapangusa kiganja kwenye suruali. Uso ukafungika. "Iache," alimwambia msimamizi, akaenda zake. Nilimwogopa kama awali, na sikumpenda zaidi kwa jambo lile; lakini nilistaajabu kwamba udongo ulikuwa na uwezo hata juu ya mkono ule.

Tulivuna Julai. Upande wangu ulijaza magunia, na jirani yangu alichukua sehemu yake. Upande wa mume wangu, tulichokipata kilitosha kuchemsha kwa watoto. Lakini niseme yote: kona moja ya upande wangu, karibu na njia, haikuzaa chochote zaidi ya vigunzi vitupu. Zamani pale paliegeshwa lori. Jirani yangu alishikilia kwamba tuongeze nyasi tu. Shemeji alichoma mti ardhini ukakatika, akasema, "Hapa mizizi imekuta sakafu. Hapa jembe lina kazi, mara moja, kisha lisirudi." Walibishana mpaka jirani akacheka. Mume wangu akachimba kona ile, akavunja lile tabaka gumu, wakatia samadi, na jirani akaifunika yeye mwenyewe. Msimu uliofuata mahindi ya pale yalimpita mume wangu kimo.

Msimu huo shamba zima lilikuwa chini ya nyasi. Majirani walianza kuiga, kimyakimya kwanza, kisha kwa fujo, mpaka nyasi za kando ya barabara zikaisha na wanawake wakawa wanashuka hadi bondeni kuelekea Kalerwe kukata mafunjo na kuokota majani ya migomba yaliyotupwa sokoni. Yule aliyenicheka bombani alinigombeza kwamba nimekata nyasi zake.

Siku tulipovuna mara ya pili, mume wangu alichimbua shina moja la hindi kwa uangalifu, akitoa udongo kwa vidole. Alitaka kujua mizizi imefika wapi. Alichimba hadi kiwiko, akaniita.

Mzizi mpya, mweupe, ulikuwa unashuka ndani ya kijitundu cheusi, kama uzi ndani ya mrija. Kijitundu hicho kilikuwa mzizi wa mahindi ya msimu uliopita. Ulikuwa umeoza ukaacha njia, na hakuna jembe lililoibomoa, na mzizi mdogo ulikuwa umeikuta, ukaifuata, ukashuka nayo mahali ambapo peke yake usingefika. Kuta za njia ile zilikuwa nyeusi kwa mboji. Tuliwaita watoto. Tulimwita jirani, akaja na kitambaa alichokuwa anashona. Tulikaa sote tumezunguka shimo lile dogo, vichwa vimegusana, na mume wangu alikuwa akionyesha kwa ncha ya jani, asije akauvunja.

Miaka michache baadaye vita vilifika mjini, wanajeshi wale wakakimbia, na sisi tukafunga mizigo kurudi kaskazini. Jirani yangu alibaki, na tukamwachia kipande chetu. Asubuhi tuliyoondoka hakuja kutuaga barabarani. Alikuwa ameshaaga jana yake, na alikuwa na kazi. Nilimwona kutoka nyuma ya lori, juu kwenye mteremko, amejifunga kanga kiunoni, akilaza mabua chini moja baada ya lingine.